Barua Zilizopitia kwa Kamanda

Mtu wa kwanza kunigombeza Riyadh hakuwa Msaudi. Alikuwa Mswahili mwenzangu, mkuu wa walinzi wa hospitali iliyoniajiri, na kosa langu lilikuwa kuvaa kitambulisho upande wa kulia. Nilikuwa nimeshuka kwenye ndege jana yake, macho mekundu, akili bado iko Tanga. Akanisimamisha getini, akanitazama kuanzia kichwani hadi viatuni, akaniambia kwa Kiswahili kilichonyooka kwamba raia hatuna mpangilio na kwamba kitambulisho huvaliwa kushoto. Nilifurahi kusikia lugha yangu, na papo hapo nikakasirika. Kwa miaka kumi na moja iliyofuata, furaha hiyo na hasira hiyo zilinijia pamoja kila nilipomwona.

Sote tulimwita Afande. Wakenya walimwita hivyo, Watanzania walimwita hivyo, na walinzi wa Kinepali waliokuwa chini yake walidhani ndilo jina alilopewa na mama yake. Jina lake halisi nimelisoma kwenye makaratasi mara nyingi kuliko nilivyosoma vyeti vya wanangu, lakini sitaliandika hapa. Alikuwa sajini jeshini huko nyumbani, akaachishwa kabla ya muda wake, akaja Saudia kulinda milango ya watu. Hayo kila mtu aliyajua. Sababu ya kuachishwa hakuna aliyethubutu kuiuliza.

Yeye naye aliniita Karani, kwa sababu kabla ya kuja huku nilifanya kazi ya ukarani kwa wakili mmoja. Pale hospitalini nilikuwa afisa wa kumbukumbu, nina meza yangu na mashine yangu ya kuchapia, lakini kwake nilibaki Karani. Mume wangu alicheka sana. Alisema angalau mimi nimepewa cheo, yeye anaitwa raia tu.

Alikaa mitaa miwili kutoka kwetu, kule Malaz, katika fleti ya zamani aliyoshirikiana na wanaume wanne. Kitanda chake ulikijua bila kuambiwa, kwa jinsi shuka lilivyobanwa pembeni. Viatu vyake aliving'arisha kwa pamba na matone ya maji mpaka mume wangu akawahi kuviinamia na kuchana ndevu, kwa kumchokoza, na Afande hakucheka. Ijumaa alikuja kwetu kula wali wa nazi. Tukimwambia saa nane, ni saa nane. Akifika mapema alisimama kwenye ngazi akisubiri wakati utimie, na wanangu walipokezana kumchungulia kwenye kitundu cha mlango, kila mmoja na zamu yake, mpaka agonge.

Misemo yake ilikuwa michache na aliirudia bila aibu. Alisema askari haruki ngazi. Alisema amri kwanza, maswali baadaye. Ule aliompa kila mlinzi mpya siku ya kwanza, kwa Kiarabu chake cha kubabaisha na mikono mingi, ulikuwa kwamba lindo haliachwi hata nyumba yako ikiungua. Wanepali wale waliukariri mpaka wakawa wanausema kwa Kiswahili.

Wala hakuwa mtu wa maneno matupu. Ramadhani moja mkurugenzi wa hospitali alikuja siku ya mapumziko, amevaa kanzu ya nyumbani, hana kitambulisho. Afande alimsimamisha juani. Yule bwana alijieleza kwa Kiarabu, akajieleza kwa Kiingereza, akaanza kupandisha sauti. Afande akasema "mafi kitambulisho, mafi ndani," yaani hakuna kitambulisho, hakuna kuingia, na akasimama mlangoni kama kufuli, mpaka katibu akatoka mbio kumtambulisha bosi wake. Sisi tulianza kumuaga Afande kimoyomoyo. Kesho yake mkurugenzi akampa barua ya pongezi, nikaichapa mimi mwenyewe.

Basi mtu huyohuyo, mwaka uliofuata, nilimkuta asubuhi moja amemficha mwanamke kwenye kibanda cha walinzi. Alikuwa msichana wa Kikenya aliyetoroka kwa mwajiri wake, kandambili mguuni, hana ikama, kile kibali cha ukaazi, hana simu. Kanuni ya geti ilikuwa wazi: mtu asiye na karatasi huitiwa polisi. Afande alikuwa amempa chai yake na mkate wake, amemgeuzia feni, na ameshapiga simu ubalozini kwao waje kumchukua. Nilimuuliza kanuni iko wapi leo. Akanijibu nishughulike na mafaili yangu. Nilipochungulia kitabu cha matukio, alikuwa ameandika kwa mwandiko wake ulionyooka: hakuna tukio. Nilidhani nimemwona akivunja sheria kwa mara ya kwanza maishani mwake, na nilimpenda kwa hilo.

Faili lake aliniletea Ijumaa moja baada ya chakula. Lilikuwa la plastiki, la bluu, limefungwa kwa mpira. Aliomba nimpitie ombi lake, nione kama limekaa sawa. Ndani kulikuwa na cheti chake cha kuachishwa jeshi, na kwenye mstari wa tabia kulikuwa kumeandikwa neno moja: hairidhishi. Ombi lilikuwa kwamba neno hilo libadilishwe. Kuna bodi kule nyumbani inayopitia upya vyeti vya namna hiyo. Alidai aliachishwa kwa kukutwa hayupo lindoni, ilhali aliondoka kwa amri ya ofisa. Jina la ofisa hakulitaja. Aliandika tu "kwa amri niliyopewa."

Nikamuuliza cheti kina faida gani kwake sasa, mtu wa umri wake, na kazi anayo. Akasema mkewe aliolewa na askari. Hawezi kumrudia akiwa na karatasi inayosema hivi. Aliapa siku aliyoondoka kwamba atarudi na cheti safi au hatarudi. Alisema hivyo kwa utulivu, akikunja kitambaa cha kufutia mikono, na nikajua hatanii. Kampuni ilimpa tiketi ya likizo kila baada ya miaka miwili, naye aliziacha zikapita zote. Bintiye Rehema aliolewa Morogoro huku baba yuko sebuleni kwangu, anatazama nikaha kwenye simu yangu. Alikuja na shati lililopigwa pasi mpaka kwenye kola. Tukampa kiti, akakataa. Alisimama wima kuanzia hotuba hadi dua, zaidi ya saa nzima, na ilipokwisha aliomba maji. Nilikwenda kulia jikoni.

Kwa hiyo nililipitia faili lile kwa moyo wote. Barua zilikuwa sita, za miaka tisa, ya kwanza aliiandika miaka mingi baada ya kuachishwa. Zilikuwa nzuri, fupi, za heshima. Na zote sita, chini ya anwani ya bodi, zilikuwa na mstari uleule tunaoujua sote tuliowahi kuandika barua ya kiserikali: K.k. Kamanda wa Kikosi. Kupitia kwa kamanda. Nilimuuliza alizipeleka wapi. Akasema kikosini, bila shaka, kwa kamanda, ili azipitishe juu. Nikamuuliza aliyemwachisha ni nani. Akasema kamanda.

Sikujizuia. Nilimwambia amekuwa akimpa fisi barua za kumshtaki fisi. Miaka tisa. Nilimwambia yeye si askari tena, ni raia, raia huandika moja kwa moja, hata mtoto wa shule anajua hilo. Mume wangu alinikanyaga mguu chini ya meza. Afande alisubiri nimalize, akasema askari haruki ngazi. Nikamwambia ngazi yenyewe ilishaondolewa. Akasema hata hivyo. Akalifunga faili lake kwa mpira, akashukuru kwa wali, akaondoka.

Tulivutana hivyo karibu miaka miwili. Nilijaribu kwa upole, nikajaribu kwa ukali. Nilimletea mfano wa fomu ya bodi, ambayo haikuwa hata na nafasi ya kuandika kamanda. Akaisoma, akasema imekosewa. Kuna wakati nilimnunia wiki nzima, naye hakugundua. Na ilikuwa inaniuma kwa sababu mkewe alikuwa ananipigia mimi. Mama Rehema hakulalamika, hakuwa mtu wa hivyo. Aliuliza tu afya yake, anakula nini, na mwisho kabisa, kama mtu aliyekumbuka kitu mlangoni, aliuliza kama majibu yametoka. Nilimwambia bado.

Kampuni ilipomhamishia Jeddah kusimamia walinzi wa ghala, aliandika barua ya saba. Mdogo wangu aliyekuwa Riyadh alikuwa anarudi nyumbani, Afande akaomba aipeleke. Barua ilikuja kwangu kwanza, ndani ya bahasha iliyoandikwa kikosi chake. Hapo ndipo nilipofanya jambo nililolionea fahari muda mrefu. Sikugusa herufi moja ya barua. Nilitoa bahasha, nikatia nyingine, nikaandika anwani ya bodi. Na mahali pa majibu nikabandika kikaratasi chenye anwani yangu ya barua pepe. Mdogo wangu akaifikisha kwa mkono. Sikumwambia Afande.

Bodi ilijibu baada ya wiki saba. Miaka kumi na moja kamanda, wiki saba bodi. Nilisoma barua ile ofisini nikapiga meza mpaka wenzangu wakageuka. Walikuwa wamekubali kusikiliza ombi. Walitaka mambo mawili tu: mwombaji afike mwenyewe, na ataje ofisa aliyempa amri ya kuondoka lindoni, ili naye aitwe. Tarehe ilikuwa imepangwa.

Jambo kama hilo halisemwi kwenye simu. Mimi na mume wangu tulikuwa na nia ya umra, tukaipanga safari tupitie Jeddah. Afande alitupokea chumbani kwake Ruwais. Nje kulikuwa na joto lile la pwani linalokugandisha nguo mgongoni, ndani kulikuwa na feni na kitanda kilichobanwa shuka. Alikuwa amekonda. Viatu viwili chini ya kitanda vilikuwa vinang'aa. Aliagiza chai kwenye mgahawa wa chini, akatukalisha kitandani, yeye akakaa kwenye ndoo aliyoigeuza. Nikatoa barua, nikamkabidhi, nikakiri habari ya bahasha. Nilitegemea anigombeze kwanza, kisha afurahi.

Aliisoma mara mbili. Hakugomba wala hakufurahi. Aliikunja, akaiweka gotini, akatazama ukuta. Nikamwambia tarehe iko karibu, likizo anayo, tiketi anayo, kilichobaki ni jina la ofisa tu, alitaje, mtu huyo amemharibia maisha. Nikaanza kupandisha sauti. Nikamwambia heshima ina mwisho, mkewe anazeeka, mjukuu hamjui, na yeye anamlinda mkubwa asiyemkumbuka hata kwa salamu.

"Karani," akasema, "hakuna aliyeniamuru."

Mume wangu aliondoka kwenda kuangalia chai, ingawa hakuna aliyemtuma.

Afande akaeleza, polepole, macho yakiwa ukutani. Ilikuwa mchana. Alikuwa lindoni kwenye ghala, na jirani yake wa kike akaja mbio kwenye uzio kumwambia kwamba Rehema, aliyekuwa na miaka miwili, ameshikwa na degedege. Ofisa wa zamu alikuwa ofisini, hatua hamsini. Angeweza kuomba ruhusa. Lakini asubuhi ileile alikuwa amemwadhibu kijana mmoja aliyeomba kuondoka lindoni akamwone mama yake mgonjwa, na alimwadhibu mbele ya wote. Aliona haya kuomba alichomnyima mwenzake. Akakimbia. Saa moja baadaye mtoto alikuwa ametulia, naye akarudi na kukuta lindo limekaguliwa. Akaulizwa. Akasema luteni fulani ndiye aliyemtuma mjini.

"Kijana mdogo, ametoka mafunzoni," alisema. "Walimhoji siku tatu. Wakamhamisha mbali, kupanda kwake cheo kukasimama, na hata ukweli ulipojulikana faili lake hakuna aliyelisafisha. Kamanda alipoujua ukweli aliniambia, kwa kumkimbilia mtoto ningekuweka mahabusu wiki moja yakaisha. Kwa uongo, nenda."

Nilimuuliza, na sauti yangu haikuwa nzuri, kwa nini basi aliandika barua saba.

"Mke wangu alikuwa ananiuliza narudi lini. Nilitaka niwe na la kumjibu. Nasubiri majibu."

"Na ulizipitisha kwa kamanda."

"Faili langu liko pale. Kila kamanda anayekuja analifungua, anaona, analifunga. Zikipita pale hazifiki."

Sijui kama nimewahi kukasirika hivyo. Nilimkasirikia yeye, nikajikasirikia mimi, na zile Ijumaa zote nilizogombana na mtu juu ya mstari mmoja wa barua nikimwona mjinga, kumbe alijua anachofanya kuliko mimi. Nilikuwa nimeivunja ngome yake kwa bahasha ya kununua dukani. Nilimwambia hayo yote, labda kwa ukali kuliko ninavyoyaandika. Alikubali kila neno kwa kutikisa kichwa, na hilo likaniudhi zaidi.

Mume wangu akarudi na chai. Tukanywa. Kisha Afande akanyoosha mgongo na kuniomba nitoe simu nimwandikie barua. Nikadhani anaondoa ombi lake. Nikamwambia bado anaweza kwenda kuwaeleza ukweli na kuomba msamaha, bodi ni watu. Akasema hataki wabadilishe chochote kwenye cheti chake. Alitaka niandike kwamba luteni yule hakumwamuru kuondoka lindoni, kwamba mwombaji alimsingizia, na kwamba maelezo haya yawekwe kwenye faili la luteni, popote alipo, hata kama ameshastaafu. Tarehe waliyoipanga atafika, kulisema hilo kwa mdomo wake.

"Weka jina lake lote," akasema, akalitaja, jina lake na la baba yake na la babu yake, na namba yake ya jeshi. Alikuwa hajalisahau hata tarakimu moja.

Niliandika. Nilimsomea. Alirekebisha mahali pamoja, nilipoandika "kwa bahati mbaya," akasema nifute, bahati haikuhusika.

Kilichobaki ni mkewe. Hakuwa amemwambia ukweli. Hata kwake alikuwa amesema luteni alimtuma mjini, akapitia nyumbani mara moja. Aliniomba nipige mimi, na nikaiweka simu kwenye sauti kubwa maana sikio lake la kushoto si zima. Aliinuka kutoka kwenye ndoo ile, akafunga kifungo cha juu cha shati.

Mama Rehema alipokea, akatusalimu sote mmoja mmoja, akauliza tumekula. Afande akamwambia anarudi mwezi ujao. Akamwambia anarudi na cheti kilekile. Ndipo akaanza kusema habari ya siku ile, kwamba kuna jambo hakumweleza vizuri, kwamba luteni hakumtuma mjini wala popote. Alikuwa anaongea kwa sauti ya gwaride, neno moja moja, jasho linamtiririka shingoni. Alifika kama katikati, mkewe akamkatiza.

"Baba Rehema," alisema, "si mimi niliyekufungulia mlango? Ulikuja mbio, huna kofia, huwezi hata kusema. Mtu aliyetumwa na mkubwa hakimbii namna ile. Njoo nyumbani."